Pasaka Kigoma bila kusafiri: mvua, kichocho, Gombe na mama anayebaki jikoni

Swali: "Tunaishi Mwanga, Kigoma mjini, mimi na mume wangu na watoto watatu wa miaka 14, 9 na 5. Pasaka huwa tunakwenda Kasulu kwa wakwe zangu, lakini mwaka huu wa 2026 hela haitoshi, ada imemaliza kila kitu. Sikukuu zenyewe zimefuatana, kuanzia Ijumaa Kuu tarehe 3 Aprili mpaka Karume Dei tarehe 7. Watoto wanataka Gombe wakaone sokwe, na wakikosa hilo basi wakaogelee ziwani. Jirani ananiambia ziwa lina mamba na kichocho, eti kama lazima niwapeleke, niwanyweshe kwanza dawa ya kichocho ndipo waingie majini. Mume wangu anasema mvua itaharibu kila kitu na kwamba kubaki hapa hapa si sikukuu. Mwaka juzi tulibaki, nikaishia jikoni siku zote. Nifanyeje?"

Dada, nianze na shemeji, maana kwenye suala la mvua ana nusu ya ukweli. Sisi Kigoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili na kuigusa Mei, na Pasaka haitoki nje ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Kwa hiyo Pasaka yetu ni ya mvua, mwaka wowote ule. Alipoteleza ni kudhani mvua ya Aprili inanyesha kutwa nzima. Mara nyingi haifanyi hivyo, na sababu yake inafaa kuijua kwa sababu ndiyo itakayokupangia siku zako.

Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko ziwa. Hewa inapanda kwenye vilima vilivyo nyuma ya mji, unyevu wa ziwani unaifuata, na ikifika alasiri mawingu yameshashiba. Usiku kibao kinageuka: nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto lake, upepo unashuka kutoka vilimani kwenda majini, na mawingu yanajijenga juu ya ziwa lenyewe. Ndiyo maana usiku wa manane unasikia radi zikiunguruma upande wa Kongo huku Mwanga hakuna hata tone. Baina ya vurugu hizo mbili mara nyingi kunakuwa na utulivu, kuanzia kunapopambazuka mpaka saa nne au saa tano. Sikuahidi kitu, mvua ya asubuhi ipo pia, ila ukiniambia nichague saa za kuwatoa watoto nje mwezi wa nne, nitachukua asubuhi bila kusita.

Na hapa kuna jambo tunalolisahau watu wa mwisho wa reli. Saa zetu za ukutani tunazitumia pamoja na Dar es Salaam, lakini jua letu linachelewa. Siku hizo za Pasaka jua litachomoza Kigoma karibu saa moja kamili asubuhi, na litakuwa utosini saa saba na dakika chache mchana. Kwa hiyo ukisoma ushauri wowote unaotaja "jua la saa sita", kwetu ongeza saa nzima. Asubuhi yetu ni ndefu kuliko saa inavyosema.

Sasa kichocho, ambacho naona ndicho kinachokunyima usingizi. Kazi yangu ni afya ya jamii, si utalii, kwa hiyo hapa utanivumilia nikae kidogo.

Jirani yako hakudanganya kwamba kipo. Alichokosea ni dawa. Prazikwanteli, ile dawa ya kichocho, inaua minyoo iliyokwisha kukomaa mwilini. Haiweki ukuta wowote kwenye ngozi ya mtoto, na hata minyoo michanga iliyoingia juzi inaweza kuponyoka. Kumnywesha mtoto Ijumaa ili aogelee Jumamosi ni kumpa dawa bure, tena kipimo chake kinategemea uzito na si kitu cha kukisia duka la dawa. Kama shuleni kwao waligawiwa dawa mwaka huu au mwaka jana, vizuri, ilisafisha kilichokuwepo wakati ule. Hailindi kinachokuja.

Ugonjwa wenyewe unazunguka hivi. Mtu mwenye kichocho anajisaidia ufukweni au choo chake kinavuja kuelekea ziwani. Mayai ya minyoo yanafika majini, yanaanguliwa, na kijidudu kinachotoka kinamtafuta konokono wa aina fulani. Asipopatikana, kinakufa na hadithi inaishia hapo. Akipatikana, kinazaliana ndani ya konokono kwa wiki kadhaa, kisha vijidudu vya hatua ya pili vinatoka kwa maelfu na kuelea majini vikitafuta ngozi ya binadamu. Vikiigusa vinapenya kwa dakika chache tu. Havihitaji kidonda wala mtu kunywa maji. Visipopata ngozi ndani ya siku moja au mbili vinakufa.

Ukiishika picha hiyo, mengi yanajieleza. Konokono hao wanapenda maji ya kina kifupi, yaliyotulia, yenye majani na matope: vighuba vilivyojificha, mdomo wa kijito, pembeni ya mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, ambapo watu wanafua, wanaoga na kujisaidia. Ufukwe ulio wazi, wenye mawimbi na mchanga mtupu, mbali na kijito na mbali na nyumba nyingi, una hatari ndogo zaidi. Nimesema ndogo. Sijasema hakuna. Na usidanganywe na maji maangavu. Tanganyika ni maji unayoweza kuona kokoto chini, na vijidudu hivyo huvioni kwa macho hata vikiwa mkononi mwako.

Jambo la pili ni saa. Vijidudu vinatoka kwa konokono kwa kufuata mwanga wa jua, na vinakuwa vingi zaidi jua linapokaribia na kupita utosini. Kwa jua letu hiyo ni kuanzia kama saa tano asubuhi mpaka saa tisa alasiri, ambazo ndizo saa familia nyingi zinafika ufukweni baada ya misa na chakula. Watoto wakiingia majini saa mbili asubuhi na kutoka saa tatu na nusu, umepunguza hatari bila kutumia hata shilingi. Wakitoka wasugue miili kwa taulo kavu palepale. Inasaidia kidogo, ingawa sitakuambia uitegemee peke yake. Maji ya kuwasuuza nyumbani yawe ya bomba au yaliyopashwa moto, maana ukiwasuuza kwa ndoo iliyochotwa ziwani muda huo huo umerudi ulipoanzia.

Halafu watu wengi hapa wanasubiri damu kwenye mkojo ndipo waamini mtu ana kichocho. Kinachojulikana zaidi mwambao wetu ni kile cha tumbo. Damu, ikionekana, inaonekana kwenye choo kikubwa, na wengi hawaioni kabisa. Wanalalamika tumbo na uchovu miezi na miaka. Kwa hiyo "mwanangu hajakojoa damu" si kipimo.

Mamba wapo, na makazi yao wanayoyapenda ni midomo ya mito na matete. Kwa upande wetu hiyo inamaanisha kukaa mbali na mdomo wa mto Luiche, kusini ya Ujiji, na sehemu yoyote ya mfano huo. Wavuvi wanajua wiki hii kuna nini mahali gani, kuliko mimi na kuliko jirani yako. Waulize kabla ya kuvua viatu, na wakisema "hapa hapana", usibishane nao.

Lakini nikikupangia hofu kwa uzito wake, mamba ataachwa nyuma na kina cha maji. Ziwa letu limekaa kwenye bonde la ufa. Kina chake cha mwisho ni karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, na sehemu nyingi ukingo unashuka ghafla: mtoto anasimama maji ya magotini, anapiga hatua tatu, hakuna tena pa kukanyaga. Tena maji ya ziwa yalipanda sana miaka ya 2020 na 2021, na tena 2024, kwa hiyo ufukwe ulioujua ukiwa msichana si lazima ndio uliopo leo. Baba au mama mmoja awe ndani ya maji, si kwenye mkeka, akiwa upande wa ziwani kuliko mtoto wa miaka 5, na simu ibaki kwenye mfuko. Huyo wa miaka 14 asifanywe mlinzi wa wadogo zake. Watoto wa kwetu wanajivunia kuogelea kuliko wanavyojua kuogelea.

Mahali? Kama mnaweza kumudu kiingilio na usafiri, ule ufukwe wa Jakobsen, njia ya kwenda Katonga, una mchanga na uwazi wa aina niliyoieleza, na hauna msongamano wa mwalo. Ulizeni bei kabla, na mbebe chakula chenu. Kama haiwezekani, sehemu yoyote ya mchanga ulio wazi, isiyo na kijito wala majani, asubuhi, na mvuvi aliyekubali. Mpe mkubwa miwani ya kuogelea achungulie kwenye miamba huku mmoja wenu akiwa naye. Samaki wadogo wa rangi atakaowaona wengi wao hawapatikani ziwa lingine lolote duniani, na wako wanaobeba watoto wao mdomoni. Hilo litamkalia kichwani kuliko somo la baiolojia.

Radi ikianza kunguruma, hata ya mbali, watoke majini na muondoke ufukweni. Msirudi mpaka ipite nusu saa bila ngurumo. Na msijikinge chini ya mwembe. Najua mwembe ndio mwavuli wetu sote, ila mti mrefu uliosimama peke yake ndio radi inaoutafuta.

Gombe sasa. Nitakuwa mkweli ingawa hifadhi ile ninaipenda: kwa familia yako, mwaka huu, isiwe ndiyo mpango. Kiingilio cha Mtanzania ni nafuu sana ukilinganisha na cha mgeni, hicho hakikuzuii. Kinachokula hela ni boti. Boti za abiria za kutoka Kibirizi ni rahisi, lakini zinakwenda kwa ratiba yao, zinajaza watu na mizigo, na unaweza kwenda usiweze kurudi siku hiyo hiyo, hasa sikukuu. Boti ya kukodi ya familia moja itameza bajeti yote. Na ukiweka watoto wawili wadogo kwenye boti msimu huu wa dhoruba za ghafla, kila mmoja lazima awe na jaketi okozi linalomtosha yeye, si la mtu mzima lililofungwa kamba. Nahodha akikwambia "halijawahi kutokea kitu", shuka.

Juu ya hayo kuna umri wa chini wa kuingia msituni kuwafuata sokwe, na hao wa miaka 9 na 5 hawaufikii. Watu wanaliona hili kama ukiritimba wa wazungu na watalii. Sivyo. Sokwe wako karibu nasi kimwili kiasi kwamba mafua yetu yanawapata, na kwao yanaweza kuua. Mwaka 1966, miaka sita tu baada ya Jane Goodall kuanza utafiti wake pale, polio iliwapiga sokwe wa Gombe na kuwaacha baadhi wakiwa wamepooza au wamekufa. Watoto wadogo ndio wabebaji wakubwa wa mafua nyumbani, wewe mwenyewe unajua. Kwa mkubwa wako, nenda ofisi ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hapa mjini uulize kama anaruhusiwa na gharama zote za kwenda na mzazi mmoja, kisha muanze kuweka akiba ya kiangazi, kuanzia Juni. Njia za mlimani zinakuwa kavu.

Badala yake nendeni Ujiji. Naona unavyokunja uso, Ujiji ni nauli ya daladala moja na umefika mara mia. Umefika sokoni. Watoto je, wameshafikishwa pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone wakaelezwa? Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, Stanley akamkuta Livingstone hapo 1871, na njia waliyoifuata Burton, Speke na Stanley kwa sehemu kubwa ni ile ile ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, njia ya pembe na ya watu waliofungwa minyororo. Mwambie mkubwa hayo ya minyororo bila kumficha. Kwa wa miaka 9 kuna kitendawili kizuri zaidi: mbona Ujiji ya safari zile ilikuwa bandari kando ya maji, na leo kutoka kwenye ile kumbukumbu mpaka ziwani ni mwendo? Jibu liko ng'ambo. Ziwa hili linatoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Enzi zile mdomo wa Lukuga ulikuwa umezibwa na tope na majani, ziwa likajaa. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kizuizi kikapasuka, na katika miaka iliyofuata maji yakashuka karibu mita kumi. Mkirudi mjini pitieni stesheni, jengo la Wajerumani. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1914. Safari nzima ni asubuhi moja.

Tuje jikoni, ambako nadhani ndiko swali lako lilikotoka. Shemeji akisema kubaki si sikukuu, inawezekana kwake ilikuwa sikukuu mwaka juzi. Kwako ilikuwa zamu. Watu wakijua hamjasafiri watakuja, na Kigoma hatumfukuzi mgeni. Usipoamua mapema, kila siku itakuwa ya wageni. Chagua siku moja ya kupokea watu, Jumapili ndiyo inayofaa, na uitangaze kuanzia sasa: "Karibuni Jumapili jioni." Hao wengine wakija mlangoni Jumatatu saa mbili asubuhi, wawakute mnatoka. Na muda wa kumwambia shemeji kwamba Jumatatu jiko ni lake na la mkubwa wako ni wiki hii, mkiwa wawili, si siku yenyewe mbele ya wageni.

Kwa kitoweo nikupe siri ambayo si siri. Pasaka inahesabiwa kwa mwezi: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi. Kwa hiyo kila Pasaka, bila kukosa, inatukuta siku chache baada ya mbalamwezi. Na dagaa wetu wanavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwaka ziwa zima, dagaa hawana sababu ya kuifuata taa ya mvuvi, na mitumbwi mingi inapumzika. Mwaka huu mwezi unapevuka Alhamisi tarehe 2 alfajiri. Ongeza hapo Wakristo wote wanaoacha nyama Ijumaa Kuu, na unaona kwa nini bei ya samaki wabichi inaruka siku hizo hizo kila mwaka. Nunua dagaa wakavu na mgebuka wa kukausha wiki mbili kabla, uwaweke pakavu. Ijumaa unachemsha tu na mawese, ugali, umemaliza.

Mwezi huo huo unakupa burudani ya bure. Ijumaa utachomoza muda mfupi baada ya giza kuingia, na kila siku utachelewa dakika kama 50. Mkiwa na uwanja, tandikeni mkeka nje, watoto wachelewe kulala siku moja. Wawe wamevaa mikono mirefu, na wakilala, chandarua. Mbu wa mvua hawajui sikukuu.

Kama hela ya kwenda Kasulu ingekuwepo, ningekuambia nendeni. Bibi na babu hawana mbadala. Kwa kuwa haipo, wapigieni simu Jumapili watoto waongee nao kwa zamu, na msikope ili mwonekane mmekwenda. Mkopo wa Pasaka unalipwa Juni, na Julai ada inarudi.

Mwisho, ni lini uache kunisoma na uende hospitali. Mtoto aliyezama hata kidogo, akatolewa na sasa anakohoa, anahema haraka au anasinzia isivyo kawaida, mpeleke saa hiyo hiyo, usisubiri kesho. Kuharisha majimaji mfululizo ni dharura msimu huu wa mvua. Anza maji ya chumvi na sukari ya pakiti njiani ukielekea kituoni. Homa yoyote inapimwa malaria kwanza. Lakini mtoto akipata homa, kikohozi na maumivu ya mwili wiki mbili mpaka nane baada ya kuoga ziwani, na malaria haionekani, mwambie daktari wazi kwamba alioga, kwa sababu asipojua hataulizia kichocho. Vipele vinavyowasha siku ile ile ya kuoga vinaweza kuwa ishara, ila kutokuwepo kwake hakumaanishi kitu. Na hata kama wote wako wazima, kupima choo mapema mno hakusaidii, minyoo inakuwa haijaanza kutaga. Wakioga Pasaka, wapeleke hospitali ya Maweni au kituo chochote chenye maabara mwishoni mwa Mei, wewe na shemeji mkapime pia, na atakayekutwa nacho atapewa dawa kwa uzito wake.